Mama Mkwe na Nyigu

Nilikuwa nimelala chali chini ya gari, kurunzi nimeibana kwa meno, nikifuta bomba la breki kwa kitambaa kikavu ili nione kama litatoa unyevu. Halikutoa. Nikalipapasa kwa kidole tangu mbele hadi penye gurudumu la nyuma, kisha nikakinusa kidole. Vumbi na kutu. Mafuta ya breki yana harufu yake, na harufu hiyo haikuwepo.

"Umeona nini?" mzee aliuliza kutoka juu. Nilichokuwa nakiona kwake ni viatu tu, vyeusi, vya kufunga kamba, vimepigwa dawa mpaka vinang'aa.

"Sijaona kitu, mzee."

"Hujaona, au umeona unaogopa kusema?"

"Sijaona."

Kando ya viatu vyake kulikuwa na raba nyeupe za binti yake. Viatu vya mzee vilitulia pale pale. Raba zilikwenda mlangoni, zikarudi, zikasimama, zikaondoka tena.

"Fundi, chukua muda wako," binti alisema. "Ila ukishajua, tuambie moja kwa moja. Usituzungushe."

"Sitawazungusha, dada."

Mzee alikuwa dereva wa gari la wagonjwa maisha yake yote ya kazi, hadi alipostaafu. Gari hili nililokuwa chini yake alilinunua kabla binti hajazaliwa, na hajawahi kuwa na jingine. Ni gari dogo la zamani, la rangi ya maziwa, lenye taa za mbele za mviringo, usukani mwembamba kama ukingo wa sinia, na viti vilivyoshonwa upya mara nyingi hata haijulikani tena ngozi ya kwanza ilikuwa ipi. Pale karakana tulimpachika jina la Mama Mkwe, kwa sababu hana haraka, hasahau kosa, na ukimgusa vibaya atakusema mbele ya watu. Mzee alilijua jina hilo na lilimchekesha. Mkewe hakuwahi kuambiwa.

Wiki ile mzee alikuwa akiliingiza gari nyumbani kwake, mwendo wa kutembea, kama kawaida yake. Mjukuu wake, mtoto wa huyu binti, alikuwa ameilaza baiskeli njiani akaingia ndani kunywa maji. Mzee aliiona baiskeli, akakanyaga breki, na gari halikusimama. Lilipanda juu ya baiskeli, likaikunja, ndipo likatulia. Mtoto alitoka na kikombe mkononi akakuta baiskeli yake imeingia chini ya bampa. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu hapo nyumba nzima ilikuwa inaona picha moja tu: mtoto akiwa bado amekaa juu ya ile baiskeli.

Wakakubaliana, baba na binti, mama akisikia. Gari lije kwangu. Kama breki ni mbovu, nizitengeneze na mzee aendelee kuendesha. Kama breki ni nzima, basi kibovu ni mguu, na mzee ataziweka funguo mezani na hatazigusa tena. La funguo alilisema mzee mwenyewe. Asubuhi ile walinieleza wote wawili, mmoja akianza maneno na mwingine akimalizia, kisha wakanitazama. Sikupenda kutazamwa vile.

Mama Mkwe alikuja amebebwa juu ya lori la kuvuta magari mabovu. Wao wenyewe walikuja na gari la binti, na hilo ndilo lililoleta watu mlangoni kwangu. Ni gari la spoti, la mwaka huu huu, njano yenye mstari mweusi mgongoni, limelala chini kiasi kwamba mbwa wa jirani alilitazama kwa usawa wa macho. Lina viti viwili tu, injini iko nyuma ya viti, na vitasa vya milango vimejificha ndani ya bodi mpaka mwenyewe akaribie. Binti ni daktari wa meno, na alilitamani gari la namna ile tangu akiwa shuleni. Nyumbani kwao walikuwa wamelibandika jina: Nyigu.

Wa kwanza kufika alikuwa Fundi Rangi, jirani yangu anayenyoosha bodi na kupiga rangi. Alilizunguka mikono nyuma.

"Hili si gari," alisema. "Hili ni kofi. Likipita unashika shavu."

"Fundi, usiliguse tafadhali," binti alimwambia.

"Siligusi, dada, nalisalimia tu. Shikamoo." Akaliinamia. Kisha akamgeukia mzee. "Na wewe umepanda humu? Umeingiaje?"

"Kuingia si kazi, unadondoka tu," mzee alijibu. "Kazi ni kutoka. Nilikaa humo nikaona matairi ya malori yananitazama usoni."

"Baba hapendi kwa sababu halina kelele," binti alisema.

"Nani kasema halina kelele? Lina kelele za kulalamika. Ukisogea mstari linalia. Usipofunga mkanda linalia. Nimefungua dirisha, likalia."

"Hukufungua dirisha, Baba, ulifungua buti."

Fundi Rangi alicheka mpaka akakohoa.

"Lakini hilo linasimama kabla hujawaza kusimama," binti aliendelea, na sasa hakuwa akitania. "Likiona mtu mbele linajifunga breki lenyewe. Mama Mkwe haoni mtu."

"Mama Mkwe hana haja ya kuona," mzee alisema. "Aliniachia mimi nione."

Fundi Rangi akakumbuka kwamba ameacha rangi yake ikikauka.

Ndipo nikaanza kazi. Sikusoma ufundi mahali popote. Nilijifunza kwa kufungua kitu, kukipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio kilivyotoka, na kukirudisha nikitazama kile kitambaa. Sina njia ya mkato. Nilitoa magurudumu yote, nikafungua dramu za breki, nikakagua viatu vya breki vilivyomo ndani, vile vibamba vinavyobana gurudumu lisimame. Vilikuwa vinene bado, vimeisha sawasawa pande zote, breki za mtu anayeendesha kwa utulivu. Nikatazama kichupa cha mafuta ya breki kilicho juu ya injini. Kimejaa hadi kwenye alama yake. Nikaingia chini, na hapo ndipo nilipokuwa nikinusa kidole.

Nilipotoka nilifunga magurudumu, nikalishusha gari kutoka kwenye jeki. Nyuma ya karakana kuna uwanja wa ghala lisilotumika, saruji tupu na ukuta mwishoni. Nikamtoa Mama Mkwe nikaenda naye huko, nikashika kasi kidogo, nikakanyaga breki. Akasimama. Nikaongeza kasi, nikakanyaga. Akasimama tena, magurudumu yote kwa pamoja, bila kuvuta kushoto wala kulia.

"Nami nijaribu," binti alisema.

Akaingia, nikakaa pembeni yake. Alikwenda kasi kuliko mimi, akakanyaga kwa mguu wote. Nilishika dashibodi kwa mikono miwili. Mama Mkwe alipiga kelele za matairi, akasimama. Binti alirudia. Mara ya tatu alikanyaga akiwa ameng'ata mdomo, kama mtu anayelisihi gari likatae. Likashika vile vile.

Akazima injini. Hakushuka.

"Breki nzima," alisema taratibu.

Nikaiachia dashibodi.

"Fundi, breki nzima au si nzima?"

"Zimeshika, ndiyo."

"Basi." Akafuta jicho kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Mimi nilidhani nataka kusikia hivyo. Nilimwambia mama, Baba sasa amezeeka, tumnyang'anye funguo kabla hajaua mtu. Sasa tazama. Sijui hata nitashuka vipi nimwambie."

Kumwambia hakukuwa na haja. Mzee alikuwa amesimama mwisho wa uwanja akitazama kila mara gari lilivyosimama. Tulipomkaribia alikwisha kuutoa ufunguo wa akiba mfukoni.

"Shika," alimwambia binti. "Mwingine uko ndani ya gari. Tusiongee sana."

"Jaribu na wewe kwanza, mzee," nilisema.

"Mimi sipandi. Nikikosa tena? Ukuta ule nyuma yake kuna watu."

"Baba..."

"Sipandi, mama." Humwita binti yake hivyo anapombembeleza, na pale yeye ndiye aliyehitaji kubembelezwa. "Wewe hukumwona kaka yangu alivyoanza. Ulikuwa mdogo. Mguu wa kulia ukaacha kusikia. Kwanza ndala ikawa inamvuka na yeye hajui, anaingia ndani na moja. Tulimcheka. Halafu akawa anaanguka. Halafu hatukucheka tena."

Akanigeukia mimi. "Nilikanyaga, fundi. Ningeapa nilikanyaga. Mguu ukaenda mbali, kama umekosa ngazi gizani. Nikakanyaga tena kwa nguvu, likasimama. Baadaye walipoingia ndani wote nikarudi peke yangu. Nikakaa humo nikakanyaga, nikakanyaga, nikakanyaga. Ngumu kama jiwe. Hapo ndipo nilipojua kwamba ni mimi."

Ilinibidi niseme. Walikuwa wamekuja kusikia neno langu na neno lenyewe lilikuwa wazi. Lakini kuna jambo lilikuwa linanikwaruza, nami sikuweza kulishika. Nimezoea kwamba nikiwa na vitu viwili na sijui kibovu ni kipi, nakitoa kimoja nakiunganisha na kizima ninachokiamini.

"Sitasema bado," niliwaambia. "Tuna mguu wenye shaka na breki zenye shaka. Na pale nje tuna breki ambazo hazina shaka hata kidogo."

Binti alielewa kabla ya baba yake. "Nyigu?"

"Nyigu."

"Fundi, lile linapaa! Gari analoendesha Baba, mtu anaweza kushuka akanunua gazeti akalikuta pale pale."

"Ndani ya uwanja tu. Nitakaa naye."

Alimtazama baba yake, kisha akautazama ukuta, kisha gari lake. Nadhani alikuwa akipima kipi kati ya hivyo anaweza kukosa. Akatoa ufunguo, kidude cheusi kisicho na meno, akaniwekea mkononi.

Tulimwingiza mzee kama unavyoingiza kabati mlangoni: kichwa kwanza, halafu goti, halafu subiri. Alipokaa alitafuta mahali pa kuchomeka ufunguo.

"Hapachomekwi, mzee. Bonyeza hapo."

"Nibonyeze kama kengele?"

"Kama kengele."

Injini ikaamka nyuma ya migongo yetu na mzee akasema "Yesu na Maria," kisha akaomba radhi, sijui alimwomba nani. Akaweka gia, akaliondoa. Nilitarajia tutaruka. Hatukuruka. Gari ambalo binti huliendesha likikurupuka liliondoka chini yake kama kitoroli kinachosukumwa na nesi. Tukafika katikati ya uwanja. Nilikuwa nikitazama mbele, nikingoja kusukumwa na mkanda kifuani.

"Simama basi, mzee."

"Tumeshasimama."

Nikatazama saruji. Kweli tulikuwa tumesimama.

Tukarudia, kwa kasi zaidi. Safari hii sikutazama mbele. Niliinama nikautazama mguu wake. Kiatu cheusi kilitoka kwenye pedali ya mafuta, kikatua juu ya breki, kikazama kidogo kidogo, bila haraka yoyote, kisha mwisho kabisa kikalegea ili gari lisipige pua chini. Hakuna mahali ambapo ungeweza kusema hapa ndipo alipokanyaga.

Binti alitujia mbio. Nilidhani anakuja na furaha, lakini uso wake ulikuwa vile vile.

"Limesimama vizuri," nilimwambia.

"Najua limesimama. Lingesimama hata angeweka paka juu ya pedali. Fundi, hili likihisi mguu tu linamalizia lenyewe. Lina kompyuta nyingi kuliko kliniki yangu. Halitatuambia kitu."

Alisema kweli. Mzee alikwisha kuinua mgongo kutoka kitini, sasa akaurudisha. "Nilijua," alisema. "Limenihurumia tu."

Lakini mimi nilikuwa bado naufikiria mguu.

"Mzee, hivyo ndivyo unavyokanyaga siku zote?"

"Hivyo vipi?"

"Polepole hivyo. Kama hutaki pedali ijue."

Akatazama kiatu chake kana kwamba nimemwuliza jinsi anavyopumua. "Kazi ndiyo ilinifundisha. Ukikanyaga kwa pupa, mgonjwa aliyevunjika paja analia nyuma yako, na kilio hicho unakwenda nacho nyumbani. Siku za mwanzo nililia nao. Basi nikajifunza kuweka mguu kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Baadaye ikawa hata nikiwa peke yangu siwezi vingine."

"Hata siku ile ya baiskeli?"

"Baiskeli niliiona kwa mbali. Hakukuwa na haraka."

Nikatoka mle ndani ya Nyigu, kwa taabu, nikaenda kwa Mama Mkwe. Sikuwasha injini. Nilikaa, nikakanyaga breki kama ninavyokanyaga mimi, kama fundi yeyote anavyokanyaga anapotafuta ugonjwa, kwa nguvu. Jiwe. Nikaachia. Nikavua kiatu, kwa sababu mguu wangu wa kiatu haujui upole. Nikaweka soksi juu ya pedali nikaanza kuizamisha kidogo kidogo, kama alivyofanya mzee.

Ikashuka kidogo ikagoma, kama inavyotakiwa. Sikuongeza nguvu wala sikupunguza. Ikakaa. Kisha ikaanza kushuka. Haikuanguka, ilishuka tu, laini, kama kukanyaga mkate, ikaenda, ikaenda, mpaka nikahisi sakafu ya gari chini ya vidole vyangu.

Nikaachia, nikakanyaga kwa nguvu. Jiwe. Nikarudi kwa upole. Ikazama tena.

Nilikaa pale na mguu wangu sakafuni na nikahisi mabega yangu yanashuka pamoja na ile pedali. Sikujua kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimeyainua.

"Dada!" niliita. "Njoo. Vua kiatu."

Alikuja. Hakuuliza kwa nini. Akakaa, akaweka mguu, akakanyaga.

"Ngumu," alisema.

"Unakanyaga kama unaua mende. Kanyaga kama baba yako. Kuna mgonjwa nyuma."

Akafumba macho. Nilitazama vidole vyake vikiinama. Kwa muda hakikutokea kitu, kisha macho yakafunguka.

"Inakwenda."

"Eeh."

"Fundi, inakwenda! Haina mwisho! Baba! Baba, inakwenda!"

Mzee alikuwa ndiyo kwanza anajitoa ndani ya Nyigu, mguu mmoja nje. "Nini inakwenda? Gari linakwenda? Vuta breki ya mkono!"

"Pedali, Baba! Pedali inazama! Si wewe!"

Alimkimbilia na mguu mmoja wa raba na mmoja wa soksi, akapiga magoti kwenye saruji akaushika mguu wa kulia wa baba yake kwa mikono miwili, ule uliokwisha toka nje, akautikisa. "Mguu huu! Mguu huu umetunyima usingizi nyumba nzima, kumbe hauna hata hatia!"

"Taratibu, mama, utauvunja kweli," mzee alisema.

Kelele zilimrudisha Fundi Rangi, brashi mkononi. Nikawaeleza wote kwa pamoja, kwa kuchora vumbini. Chini ya boneti kuna pampu ya breki. Ndani yake kuna mpira mdogo, umbo lake kama kikombe, unaosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu. Mpira huo ukisukumwa kwa ghafla, kingo zake hutanuka zikabana ukuta wa pampu na mafuta hayana pa kupita. Ukiwa umeisha na ukasukumwa kwa upole, kingo hazitanuki. Mafuta yanaupita pembeni, yanarudi kwenye kichupa chake. Hakuna kinachovuja nje, hakuna kinachopungua. Mimi nilikanyaga kwa nguvu, binti alikanyaga kwa nguvu, na mzee mwenyewe, aliporudi peke yake siku ile na hofu yake, alikanyaga kwa nguvu. Breki ilitudanganya sote isipokuwa mguu uliozoea upole.

"Subiri," alisema Fundi Rangi. "Yaani ukimfokea anafanya kazi, ukimwomba kwa adabu anakwepa?"

"Ndivyo."

"Basi jina tulimpa sawasawa."

Mzee alicheka. Alianza kidogo, mabega tu, kisha akashindwa kujizuia, akatafuta pa kukaa akakuta tairi chakavu akakaa. Alicheka huku akijipangusa uso kwa leso, na ilikuwa vigumu kujua leso inapangusa nini. Binti alikaa chini kando yake, gauni jeupe na saruji yenye grisi, hakujali.

"Nikwambie kitu?" mzee alimwambia. "Kila asubuhi kabla sijashuka kitandani nilikuwa naufinya. Hapa, pajani. Unauma. Lakini nasema, labda unauma kwa mazoea tu."

"Kwa nini hukusema, Baba?"

"Ningesema nini? Jamani, nimejifinya nikaumia?"

"Na mimi nilimwambia mama umezeeka."

"Nimezeeka. Usirudishe maneno yako. Mguu tu ndio bado haujapata habari."

Kisha binti aliacha kucheka, na alivyoacha nilimheshimu zaidi. Alisema kwamba hata hivyo gari lilipanda juu ya baiskeli ya mtoto, na iwe ni mpira au mguu, mtoto asingejua tofauti. Mzee akasema ni kweli. Wakakubaliana upya, sasa bila mkutano: Mama Mkwe hatoki karakana mpaka pampu itengenezwe, na siku ya kutoka, mzee ataendesha na binti atakaa pembeni, uwanjani kwanza, halafu barabarani. Ufunguo wa akiba ulirudi mfukoni mwa mzee bila mtu kusema lolote. Niliuona tu ukirudi.

Tukamsukuma Mama Mkwe hadi ndani ya karakana, nikafungua boneti. Nilitandika kitambaa changu juu ya meza, nikaitoa pampu, nikaifungua, nikaanza kupanga: kifuniko, springi, pistoni, na ule mpira. Mzee aliomba kuuona. Nikauweka kwenye kiganja chake. Ulikuwa mdogo, mweusi, upande mmoja wa ukingo wake umelainika kama sabuni iliyotumika. Aliugeuzageuza kwa ncha ya kidole.

"Hiki tu?" alisema.

"Hiki tu."

"Gari lako linacho?" alimwuliza binti.

"Nadhani linacho. Ila likiharibika litaniandikia kwenye skrini."

"Basi na mimi leo ningependa kuandikiwa," mzee alisema, akanirudishia mpira wangu kwa uangalifu, kana kwamba bado unaweza kuharibika zaidi.

Nilimpigia simu muuza vipuri. Kwa gari la umri ule hakuwa na mpira huo kwenye rafu, alisema, lakini ana makasha ya zamani chumba cha nyuma, na atayapekua kesho asubuhi kukiwa na mwanga. Nami niliona, nilipoinua pampu kuelekea mlangoni, kwamba ukuta wake wa ndani una mikwaruzo miembamba. Itabidi kuusugua kwa msasa laini na maji, polepole, kabla ya mpira mpya kuingia. Kazi ya namna hiyo siianzi jioni.

Binti alimfungulia baba yake mlango wa dereva wa Nyigu. "Endesha wewe, Baba. Mpaka nyumbani."

Mzee aliutazama usukani ule mnene. Nilidhani atakubali, maana alikuwa ameanza kulizoea. Akatikisa kichwa.

"Leo endesha wewe. Nimechoka na kuogopa, nataka kulala."

Akazunguka upande wa pili, akajidondosha ndani. Kabla mlango haujafungwa alitoa kichwa. "Fundi. Kesho usianze bila mimi."

"Sitaanza, mzee."

Wakaondoka. Fundi Rangi alirudi kwenye rangi yake, ambayo kwa kelele zake nilielewa kwamba mbwa ameikanyaga. Niliziba midomo ya mabomba ya breki kwa vijiti vilivyofungwa kitambaa ili vumbi lisiingie, nikaacha boneti wazi kidogo, nikakunja pembe za kitambaa kilichokuwa mezani zikafunika vipande vyote, kila kimoja mahali pake.